Chumvi ya Baba Mkwe

Nilimpikia baba mkwe wangu kwa miaka kumi na mitatu na uso wake siujui. Kisogo nakijua, maana kisogo mtu anaweza kukiona kwa bahati mbaya. Nyayo zake nazijua kwenye matope ya Makwale: pana, kidole gumba cha kulia kimekwenda upande kama kilichowanunia wenzake. Na kikohozi chake nakijua kuliko sauti ya mama yangu mzazi. Lakini leo mkinipangia wazee kumi kwenye mstari mkaniambia nimchague, nitachagua watatu ili nisikose.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Wenyewe tunaita ukutila. Kiswahili kinasema heshima, ingawa heshima hii ina mbio ndani yake. Huketi alipoketi, humpi sahani mkononi, hutamki jina lake. Akija njiani, wewe unaingia kwenye majani. Mwaka nilioolewa, wasichana wengi wa Kyela mjini walikuwa wameanza kusema hayo ni mambo ya bibi zao, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwetu bado." Mahubiri yangu yakaishia hapo.

Mzee alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kukata kona ya nyumba alikohoa mara mbili. Kikohozi cha kwanza kilikuwa cha kunijulisha, cha pili cha kunihurumia. Nikisikia, naruka. Nimerukia migombani na ndoo kichwani. Nimerukia kwenye mikakao nikatoka na utando wa buibui usoni kama bibi harusi. Siku moja nilirukia banda la nguruwe, kwa kuwa ndilo lililokuwa wazi. Mama mkwe alicheka hadi akaketi chini.

"Mwanangu," alisema akijifuta machozi, "ungekuwa na mbio hizo wakati wa kupandikiza mpunga, tungekuwa na ghala mbili."

Hakukosea. Nilitoka mjini na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sitazitaja hapa, maana wajukuu wangu wanajua kusoma. Shamba lilinishinda wiki ya kwanza. Tena mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Wenzangu wakienda Matema, wakienda misibani mpaka Tukuyu, mimi nawaambia mtanikuta. Ziwa Nyasa nimelijua zaidi kwa harufu ya usipa, dagaa wake. Ndugu wa mume wangu wakaanza kunung'unika: ameoa mwanamke gani huyu, haendi shambani, haendi gulioni, kazi yake kukaa jikoni na kusoma gazeti lililofungiwa sabuni? Mzee akawajibu kutoka kibarazani kwake, "Mwacheni. Kila nyumba inahitaji mtu wa kukutwa."

Jiko letu la mianzi na udongo lilikuwa limejengwa mgongo kwa mgongo na kibaraza chake, kwa hiyo maneno hayo niliyasikia yote, mikono yangu ikiwa kwenye unga. Tangu siku hiyo nilijua nina mtu wangu katika mji ule, ingawa mtu mwenyewe siwezi kuonana naye.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Anayekumbuka foleni za sukari atanielewa. Tulikuwa tumezoea rafu zenye viberiti na vumbi. Ghafla ruhusa ya kuagiza bidhaa ikatoka, kila mwenye mtaji akaleta alichoweza. Kyela mjini yakaja mafuta ya kupikia kwa madumu, siagi ya kopo, maziwa ya unga, soda, biskuti. Vingine vilivuka Mto Songwe kutoka Malawi vichwani mwa watu. Baadaye wanunuzi binafsi wa kakao nao wakaanza kuja na mizani yao mpaka uani. Mzee akiuza kakao alileta vitu vitatu: sukari, mkate na mafuta. Nilikuwa nasikia kijiko chake kikigonga kikombe ng'ambo ya ukuta, mara nne, mara tano.

"Miaka ile nilikunywa uji wa chumvi," alimwambia mama mkwe. "Sasa zamu yangu."

Mwaka wangu wa nne pale, akiwa anageuza kakao kwenye mkeka, alianguka. Mume wangu, aliyekuwa akiuza katika duka la Mwarabu mmoja mjini, alimpeleka hospitali. Walirudi na vidonge na karatasi. Karatasi ilikuwa ya serikali, ya kuwaelekeza Watanzania namna ya kula: ina picha ya samaki, ya fungu la mchicha, ya papai lililokatwa, na chini mistari ya maelezo. Nesi alikuwa amemwambia mume wangu, "Presha ya mzee iko juu sana. Akifuata haya, ataona wajukuu wakioa. Asipofuata, msije kunilaumu."

Karatasi nikapewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi na mimi ndiye mpishi. Katika maisha yangu hiyo ilikuwa mara ya kwanza vyeo hivyo viwili kukutana. Nikaibandika ukutani juu ya mafiga kwa uji mzito, nikaapa moyoni kwamba mzee huyu hafi mkononi mwangu.

"Lakini asiambiwe," mama mkwe alisema. "Mtu mzima ukimtajia ugonjwa wake ni kama umeuita uje uketi naye. Tumwambie ni jua. Wewe punguza tu huko chunguni. Mwanaume atajua nini?"

Karatasi ilisema punguza chumvi. Mimi, kwa desturi ya wanafunzi wa alama zangu, nilitaka kujibu zaidi ya swali: nikaiondoa yote. Nikaondoa na mawese. Sukari nikaifukia kwenye mtungi wa mtama. Siku ya kwanza nikapika perege kwa nyanya na maji, mweupe kama aliyetoka kuoga, na mama mkwe akampelekea.

Sahani ilirudi na nusu. Siku ya pili ilirudi na zaidi ya nusu. Siku ya nne samaki alirudi mzima, amegeuzwa kifudifudi. Sikusikia hata lile guno la kawaida la mzee la kushukuru, "Ndaga," alilokuwa akilitoa kuelekea ukutani kila akimaliza kula. Nikajisemea, uzuri wa dawa ni uchungu. Nikaendelea.

Nilichokuwa sikijui, mimi wa mjini, ni kwamba kule mke wa mwana mwenye kinyongo hana pa kukisemea. Hawezi kumwambia baba mkwe, na kumtangazia mume ni kuleta ugomvi. Kwa hiyo wanawake wa zamani walisema kwa chungu. Chakula kikija hakina chumvi siku mbili mfululizo, wazee wanajua kuna jambo, wanaketi, wanatafuta kosa liko wapi. Mama mkwe aliyajua hayo, lakini alikuwa ameyasahau, kwa sababu yeye na mimi tulikuwa tunasemana mchana kutwa na hapakuwa na haja ya chungu.

Siku ya saba akaja shangazi wa mume wangu, dada yake mzee, amembeba kwapani jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Hakupitia kwa kaka yake. Aliingia moja kwa moja jikoni, akaketi kwenye kigoda, akamweka jogoo baina yetu.

"Mwanangu," alisema, "tumekukosea nini?"

"Mimi? Hamjanikosea kitu, shangazi."

"Usitufiche. Kaka yangu hana raha wiki nzima. Amefikiri labda ni ile kakao aliyouza asikununulie kitenge. Amefikiri labda siku moja alichelewa kukohoa. Amefikiri labda alisema neno juu ya baba yako, likafika mjini. Amejichunguza makosa yake yote tangu alipobatizwa, mengine hata mimi dada yake nilikuwa siyajui!"

"Shangazi..."

"Ameniambia, nenda na jogoo, ukamwombe. Kunyima chumvi siku saba, mwanangu! Bibi yetu alipigwa na babu mbele ya wageni, akanyima chumvi siku mbili tu!"

Jogoo alinitazama kwa jicho moja. Mama mkwe alikuwa ameuma pindo la kanga, mabega yanamtikisika. Mimi nilitaka ardhi ya Makwale, ambayo mvua ikinyesha humeza hata ng'ombe, inimeze na mimi. Nikabandua karatasi ukutani, ikachanika pembe, nikampa.

"Si mimi, shangazi. Ni serikali."

Akaigeuza juu chini. "Serikali nayo imekosewa nini na kaka yangu?"

Hapo mama mkwe akashindwa. Alicheka cheko ambalo nadhani lilisikika mpaka barabarani, na katikati ya cheko hilo akamweleza wifi yake yote: presha, nesi, vidonge, jua la uongo. Akamaliza. Ndipo tukakumbuka ukuta ni wa mianzi.

Ng'ambo kulikoholewa mara mbili.

"Mama watoto," sauti ikasema. "Mwambie aliye jikoni aisome hiyo karatasi. Yote. Kwa sauti."

Nikasoma. Sikumsomea yeye, Mungu apishe mbali; nilimsomea mama mkwe, ambaye alikuwa akichambua matembele na wala hakuinua kichwa.

"Punguza chumvi katika chakula," nilisoma.

"Mama watoto, muulize. Imesema punguza, au imesema ondoa?"

"Imesema punguza," nikayaambia matembele.

"Basi huyo msomi alitaka kuitangulia presha kuniua."

"Tumia sukari kwa kiasi kidogo," niliendelea.

"Ilipokosekana hawakutuambia inaua. Imejaa dukani ndiyo inaua?"

Nikakimbilia mstari uliofuata.

"Epuka pombe."

"Ruka hapo."

"Kula nafaka zisizokobolewa, kama vile mahindi ya dona, mtama na ulezi."

"Ehe! Ulezi! Kimpumu kinatengenezwa kwa nini? Mama watoto, mwambie arudi kwenye mstari wa pombe aufute, karatasi imejipinga yenyewe."

Kimpumu ni pombe yetu ya ulezi, hunywewa kwa mrija, wazee wameizunguka sufuria kama wagonjwa wenye dripu moja. Tulibishana juu ya kimpumu mpaka matembele yakaisha kuchambuliwa. Kila neno lilipita kwa mama mkwe, ambaye hakulipeleka popote. Mwishowe akasema, "Mmesikiana. Mimi si simu ya posta." Tulipatana hivi: chumvi ncha ya vidole vitatu kwa chungu kizima, sukari kijiko kimoja ila akijaze mwenyewe, kimpumu Jumamosi tu. Mafuta ya dumu basi, mawese kidogo siku ya samaki. Jogoo wa kuomba radhi harudishwi, kwa hiyo alichinjwa siku hiyohiyo, akachemshwa na nyanya na hizo ncha tatu. Sahani ilirudi tupu. Ukutani nikasikia, "Ndaga fijo," asante sana.

Nikalia kidogo, nikausingizia moshi.

Tatizo lilikuwa mpunga. Karatasi haikutaka wali mweupe, na wakati huo mashine za kukoboa zilikuwa zimeota kila njia panda, watu binafsi wakishindana nani anang'arisha zaidi. Mpunga wa Kyela ukipita mashineni unatoka kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Wa mzee ilibidi nitwange kinuni, utoke na wekundu wake. Mimi niliyesoma miaka kumi na mmoja ili nisishike mchi! Wanawake walipita njiani na vikapu vyao kwenda mashineni, wakaniona uani natwanga, ikawa sikukuu.

"Yuleee! Kumbe shule inarudisha watu nyuma!"

"Ni amri ya serikali," niliwajibu.

"Basi iambie serikali ije ishike mchi wa pili!"

Hata mwenye duka, tajiri wa mume wangu, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani na chumvi na nguo, alinishangaa nilipokwenda mjini nikakataa dumu alilonitengea kwa bei ya mfanyakazi.

"Binti yangu," alisema, "miaka yote mlinililia mafuta, nikawaambia hakuna. Leo yapo, mnayakataa. Mnanitafuta nini?"

"Baba mkwe ana presha."

Akaliondoa dumu mezani polepole, akaniwekea kilo ya choroko. "Mpe hizi. Na mimi ninayo," akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba mafuta yangemsikia.

Mstari uliompendeza mzee kuliko yote ni ule wa kutembea. Mwanzoni aliupinga. "Tembea kila siku! Kwenda wapi? Karatasi gani inamwambia mtu asafiri isimwambie aendako?" Kisha akajipangia mwenyewe pa kwenda. Kila wiki ya pili, Ijumaa asubuhi, alishika fimbo akaenda kwa miguu mpaka Matema, akalala kwa rafiki yake aliyebatizwa naye, Jumamosi akaingia gulio la Lyulilo, akarudi Jumapili na samaki wamefungwa kwenye majani ya mgomba.

Akisharudi aliketi kibarazani akamsimulia mama mkwe. Alimsimulia kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano, na mama mkwe hakuwa kiziwi. Alieleza mitumbwi inavyokuja imejaa vyungu vya Wakisi vilivyopangwa juu ya nyasi, jinsi mwanamke anavyokigonga chungu kwa ukucha kusikia kama kina ufa, jinsi milima ilivyosimama imeingiza miguu majini, jinsi maji yanavyobadilika rangi upepo ukigeuka. Alieleza bei, alieleza nani amezeeka, alieleza samaki aliyeponyoka. Mimi nilikuwa upande wa pili na mwiko mkononi, nimesahau kukoroga. Lyulilo niliiona kwa masikio. Siku nilipofika kwa miguu yangu, miaka mingi baadaye, niliikuta ndogo, yenye kelele na inzi, nikahisi nimedanganywa na watu wa Lyulilo.

Nesi alipompima mwaka wa pili alisema imeshuka. Mwaka wa tatu akamwuliza nani anayempikia. Mzee akajibu, mume wangu ndiye aliyenisimulia, "Yupo mmoja. Simfahamu, ila ana msimamo."

Mwaka wa sita tangu karatasi ile, mama mkwe akafa. Yeye hakuwahi kuwa na presha. Alikula chumvi yake, alikunywa chai yake ya vijiko vitatu, alinicheka kila nilipotwanga, na homa ya siku nane ikamchukua wakati wa mvua kubwa, tukamzika kaburi likijaa maji. Niliitazama karatasi, ambayo kwa wakati huo ilikuwa nyeusi kwa masizi, nikaitafuta mistari yote. Hapakuwa na wa kunieleza.

Baada ya matanga mji ulinyamaza. Binti yangu mkubwa alikuwa anatosha kupeleka sahani, lakini hakutosha kupitishiwa ubishi wa watu wazima. Mwezi mzima mzee alikula, akasema "Ndaga," akanyamaza. Safari za Lyulilo akaacha. Nikaanza kuogopa, maana karatasi haikusema lolote juu ya mtu asiye na wa kusema naye.

Kisha mchana mmoja nikasikia ng'ambo, "Nguzo."

Nikaacha kukata kitunguu.

"Nguzo," sauti ikasema tena, ikiiambia nguzo ya kibaraza, "unaonaje, mtu wa umri wangu akienda Matema peke yake, si atachekwa?"

Nilitazama huku na huku jikoni. Palikuwa na chungu kikubwa cha maharage. "Chungu," nikasema, "mimi naona watakaocheka ni wale waliokaa nyumbani wakaota vitambi."

Halafu cheko, dogo, lenye kutu. Ijumaa ile aliondoka.

Tuliishi hivyo miaka mitatu, mimi na chungu changu, yeye na nguzo yake. Mume wangu akirudi kutoka dukani alisimama uani akisikiliza.

"Mbona mnaongea?" aliniuliza.

"Nani anaongea? Mimi naongea na chungu."

"Na baba?"

"Mambo ya baba yako na nguzo yake mimi nitayajuaje?"

Nikikumbuka miaka yangu yote, na sasa ni mingi na mimi mwenyewe nimeshapewa vidonge, hakuna ninayoitamani kama ile mitatu. Tulizungumza juu ya kakao iliyooza, juu ya mwanangu aliyekataa shule, juu ya mama mkwe. Tulibishana kama papai ni tunda au ni chakula cha ndege. Siku hizi napika chumvi ncha tatu, naipeleka mezani, wanangu wanakula kwa adabu. Hakuna anayenipinga hata mstari mmoja. Chakula hakina ladha kabisa.

Mwaka wa tisa wa karatasi, mzee akaanza kupungua. Hakuwa mgonjwa wa kitu kimoja. Alikuwa anaisha tu, kama sabuni. Sahani zikaanza kurudi na chakula. Nesi alikuja mwenyewe na baiskeli, akampima, akamwambia mume wangu pale uani, "Presha nzuri. Huu ni umri. Mpeni anachotaka."

Na alichotaka kilijulikana. "Nguzo," alisema siku hiyo, sauti imekuwa nyembamba, "mwambie aliye jikoni nataka samaki mbasa mkavu wa chumvi, na mawese, na wali mweupe wa mashine. Kama zamani, kabla ya karatasi."

"Mpe," mume wangu aliniambia.

Nilikataa. Nilikataa siku mbili, nikagombana na mume wangu, nikagombana na shangazi aliyekuja kwa mkongojo kunisihi. Miaka tisa nimemtwangia, nimemhesabia ncha za chumvi, halafu leo mimi ndiye nimpelekee? Niliwaambia presha itapanda. Waliniangalia kwa huruma. Wote walijua, na mimi nilijua, kwamba nilikuwa siogopi presha. Nilikuwa nahisi nikishampa chakula kile nimekubali aende.

Siku ya tatu nikapika. Mbasa nilimpata kwa mwanamke wa Matema, amekaushwa hadi amekuwa kama gome. Sikumroweka. Nikamwaga mawese bila kupima, nikapika wali uliong'aa. Binti yangu akapeleka, akarudi akasimama mlangoni mwa jiko, tukasikiliza.

Tonge la kwanza. La pili. La tatu. Kisha kukohoa, si kile cha njiani, kukohoa kwa mtu aliyepaliwa.

"Nguzo! Nani amemwaga chumvi yote hii? Anataka kuniua? Nirudishieni chakula changu!"

Binti yangu alinitazama kama anayeuliza kama ni ruhusa kucheka. Mimi nilikuwa nimeketi chini, kanga mdomoni, nacheka na machozi yananitoka, na safari hii sikuusingizia moshi. Ulimi wake ulikuwa umeshahama. Kwa miaka tisa alikuwa akinung'unikia chakula changu, na kumbe kilikuwa kimeshakuwa chake.

Nikainuka nikatoa mpunga ghalani. Nilitwanga mchana ule mwenyewe, sikutaka msaada wa mtu, nikapika matembele na choroko na ncha tatu za chumvi, samaki mbichi nikamchemsha na nyanya. Alikula nusu sahani. Kwa hali yake ilikuwa karamu. "Ndaga fijo," akasema, na baada ya kupumua kwa muda mrefu akaongeza, hakutaja nguzo wala mtu, "Kesho iwe hivihivi."

Ikawa hivihivi siku kumi na tisa. Alifariki wiki ya kwanza ya kuvuna mpunga, asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto. Msibani waliniambia sasa ninaweza kuingia kumuaga, kwa marehemu hakuna tena ukutila. Niliwaambia watu ni wengi, jikoni hakuna mtu. Picha yake ya kitambulisho iko kwenye sanduku la mume wangu na sijawahi kuitoa.

Nesi alikuja mazishini. Aliniambia kwamba kwa presha aliyoikuta siku ile ya kwanza, hakutegemea hata miaka miwili. Akaniuliza nilifanyaje. Nilimwambia nilisoma karatasi. Akafurahi, akasema laiti wote wangesoma.

Miaka tisa. Mimi nilitaka kumi.